Ongeza Kidogo Tu

Miaka ya tisini, mtaani kwetu Eastlands, ulikuwa ukifungua boneti tu, wanaume wa ploti nzima wanatoka kuja kukutengenezea gari kwa mdomo. Injini ya pikapu yangu ilikuwa ikigonga kokoko. Mmoja akasema plagi, mwingine petroli chafu, wa tatu akaapa ni tapeti. Nikashughulikia yote hayo, na bado ikagonga. Nikachoshwa nao, nikamleta fundi kutoka Gikomba.

Huku wanaume wale wakichungulia nyuma yetu, fundi aliegemeza bisibisi kwenye injini, akatega sikio kwenye mpini wake.

"Beringi za kamshafti," akasema.

Alipofungua, tukazikuta zimechunika, kavu kabisa, kama hazijawahi kuonja oili. Akachokoa kwa waya tundu linalozipelekea oili, kikatoka kidonge cha gamu nyekundu, ile ya kuziba mvujo.

"Mzee, nani alifunga kifuniko hiki cha injini?"

Mimi. Mwezi uliotangulia oili ilikuwa ikivuja hapo, nikakipaka gamu ukingoni kama siagi, huku wanaume walewale wamenizunguka wakisema, "Ongeza! Ongeza kidogo tu!"

Nikageuka kuwatazama. Wote walikuwa wameshakumbuka chai nyumbani.