Sentimita za Papa Mukuka

Papa Mukuka hakuinua kitu mezani bila kukigonga kwanza. Kikombe cha chai, sahani, kitabu cha nyimbo kanisani, hata simu inayolia: alikipiga kwa kucha ya kidole, mara mbili, polepole, ndipo akakichukua. Mkewe, Mama Chanda, alisimulia kwamba hata siku ya posa aligonga glasi ya bia namna hiyo, na ukoo mzima ukanyamaza ukidhani bwana harusi ana hotuba.

Madeleine aliiona tabia hiyo siku ya kwanza mzee alipoingia katika ukumbi wa parokia, ambamo klabu ya sataranji ilicheza kila Jumamosi. Madeleine alifundisha uchoraji wa kiufundi katika shule moja ya Lubumbashi, na klabuni alikuwa katibu kwa sababu hakupatikana mwingine aliyetaka. Alikuwa mtu wa kutazama kuliko kusema. Siku hiyo farasi mmoja wa plastiki alianguka akavunjika shingo. Mzee aliyekaa kimya nyuma akasogea, akamgonga mara mbili, akamtia mfukoni bila kumwomba mtu ruhusa.

Jumamosi iliyofuata akarudi na farasi wa mti. Kitako kilikuwa kimekerezwa kikamilifu, laini kama yai. Kichwa ndicho kilichokuwa na maneno: kidevu kilishikamana na shingo, pasipo uwazi wowote chini ya taya.

"Mzee, huyu farasi alimeza avoka," alisema Kambale, rais wa klabu, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo. Watu wakacheka.

"Aiko avoka," mzee alijibu. "Njo vile atatoka muzuri mu muchanga."

Hakuna aliyeelewa. Wengine waliendelea na michezo yao, lakini Madeleine hakuweza kuliacha neno lile. Farasi na mchanga vinahusiana nini? Alilibeba hadi nyumbani, akalala nalo, na kabla ya juma kwisha alipanda taksi hadi Annexe, mahali mji unapoanza kuchanganyika na mashamba ya mahindi, akaulizia nyumba ya fundi Mukuka.

Alimkuta nyuma ya nyumba, kwenye mashine ya kukereza aliyoiunda kwa mota ya mashine ya kufulia. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo alikuwa na nafasi ya kueleza. Maisha yake yote ya kazi alikuwa modeleur katika kiwanda cha kuyeyushia chuma cha kampuni ya migodi. Mashine ikihitaji kipuri, yeye ndiye aliyekichonga kwanza kwa mti. Ule mti ulifukiwa katika mchanga mbichi ukashindiliwa, kisha ukagongwa kidogo ili uachie, ukainuliwa taratibu. Katika shimo lililobaki ndimo chuma kilimomiminwa. Mti wenye kona za kuingia ndani, kama uwazi wa chini ya taya, ungeng'oa mchanga na kuharibu kila kitu.

"Mukono yangu ilijifunza kuogopa kale kashimo," alisema. "Kichwa inasema kata, mukono inakataa."

"Na ule mti, baada ya hapo?"

"Unabakia mu rafu, ao banauchoma. Bantu banaona pompe, banaona roue inazunguka. Mti wenye ilizaa ile pompe, nani anaujua?" Akafikicha unga wa mbao kati ya vidole. "Madame, mimi nilitaka mara moja tu kutengeneza kintu cha mti chenye kitabakia mti. Chenye muntu atakishika."

Madeleine alirudi mjini akiwaza jambo hilo. Mashindano ya jimbo yalikuwa yanakaribia, na klabu yao ndiyo wenyeji. Alimshawishi Kambale wampe mzee kazi ya kuchonga kete zote, naye Kambale akakubali kwa sharti moja: zifuate vipimo vya shirikisho, kwa maana waamuzi watakuja na rula. Madeleine akachora kila kete kwa milimita na kumpelekea michoro.

Mzee akaifanya kazi kwa furaha ya kimya. Nyeupe alizitoa katika mjakaranda ulioangushwa na mvua barabarani, nyeusi katika mulombwa, mti wenye utomvu kama damu. Chini alizitoboa akajaza risasi ya betri za gari, ili zisimame imara. Na kwa sababu ya farasi, Madeleine alimpeleka klabu ya wapanda farasi. Mzee hakutazama miguu wala mkia. Aliinama chini ya taya ya jike mmoja mpole, akatazama kwa muda mrefu, kisha akaingiza ngumi yake pale. "Kumbe," alisema. "Fasi ya mukono mzima." Farasi aliowachonga baada ya hapo walipumua.

Mbao za kuchezea zilipakwa rangi na fundi mwingine wa mjini, kwa michoro ile ile. Kwa hiyo siku kete zilipokutana na mbao kwa mara ya kwanza, kwenye meza ya ukumbi wa parokia, mbele ya mzee mwenyewe, zilikuwa zimebaki siku chache tu kabla ya mashindano.

Kambale alichukua pioni nne, zile kete ndogo za mstari wa mbele, akazipanga ndani ya mraba mmoja. Hicho ndicho kipimo cha haraka kuliko vyote: nne lazima zikae ndani pasipo kuvuka mistari. Zilivuka. Kidogo sana, kama vidole vya miguu ya mtu aliyejifunika shuka fupi, lakini zilivuka. Akajaribu nyingine, na nyingine tena.

"Mzee, mimi sina shida na weye," Kambale alisema kwa upole. "Ni nzuri, kweli. Lakini hawa ba-arbitre watapima hivi hivi, na wakikataa kete, mashindano yamekufa. Nitaleta za plastiki kutoka dépôt yangu. Pole."

Papa Mukuka alizirudisha katika sanduku moja moja, kila moja akiigonga kwanza. Hakumwangalia mtu. Alitoka bila kuaga.

Asubuhi iliyofuata Madeleine alimkuta uani kwake, sanduku miguuni na msumeno juu ya meza. Mama Chanda alisimama mlangoni, mikono kichwani.

"Mwambie weye, Madame. Mimi hanisikie."

"Papa, unataka kufanya nini?"

"Kwetu pa atelier, kule kiwanda, mti yenye ilikosa kipimo inakatwa vipande mbili siku ile ile. Na mwenye aliichonga njo anaikata. Kama inabakia, mwingine ataiweka mu muchanga, atazaa kilema." Aliushika msumeno. "Ni sheria. Sikuivunja hata siku moja."

Jambo moja lilikuwa likimsumbua Madeleine tangu jana: mtu huyu hakosei. Kete zote zilikuwa zimezidi kwa kiasi kile kile, na kosa lisilobadilika lina sababu yake.

"Kabla hujakata, nionyeshe ulipimia nini."

Alimpa rula ya chuma, ndefu, iliyong'aa kwa kushikwa. Madeleine akatoa ya kwake ya shuleni, akazilaza pamoja. Kwenye sifuri zilikubaliana. Kwenye kumi, ya mzee ilikuwa imetangulia kidogo, kwenye thelathini imetangulia wazi.

"Rula yako inaumwa nini?"

Mzee aliinamia zile rula mbili.

"Aiumwe. Ni mètre ya fonderie, ya kwetu kiwanda. Chuma ikipoa inajikunja, basi sisi tunapima na sentimita zenye zilinenepa kwanza, ili ikijikunja ifike kipimo." Akaketi juu ya sanduku. "Nilijua. Kichwa ilijua. Mukono ikabeba ile inazoea."

Mama Chanda alishusha mikono kichwani. "Ngoja. Ni hiyo ulipimia madirisha yangu?"

"Madirisha, milango, kitanda. Niko na ingine?"

"Bwana wee. Miaka yote ninagombana na bamama ba soko, ninabaambia banapunja rideaux. Mapazia yao hayatoshi hata siku moja. Ni zile nilishona mwenyewe tu."

"Hizo zinatosha?" Madeleine aliuliza.

"Zinatosha sawasawa. Nilipima na hiyo mètre yake."

Madeleine akalitazama pazia lililojaa dirisha pasipo kubaki ufa. Kisha akauliza, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto: "Papa, na mbao za kuchezea tukizichora upya kwa rula hii?" Sheria ya shirikisho iliruhusu mraba uanzie sentimita tano hadi sita. Miraba yao ilikuwa ingali mbali na sita.

Mzee alichukua msumeno, akautundika ukutani.

Walikwangua rangi ya zamani wakapaka mpya, watatu, mpaka vidole vya Mama Chanda vikawa na miraba. Siku ya ukaguzi mwamuzi aliweka pioni nne, zikaingia, zikabaki na nafasi ya pumzi. Akapima mraba, akaandika, akasogea meza nyingine. Kambale akamwambia dereva wake arudishe katoni za kete za plastiki ghalani.

Mzee hakuujua mchezo wenyewe vizuri. Alipita kati ya meza akitazama mikono. Msichana mmoja, akiwaza, alikuwa akimsugua malkia wa mti aliyemteka mchezoni kwenye shavu lake, juu, chini, bila kujua. Mzee alisimama hapo hadi mchezo ukaisha.

Baadaye mzee alianza kuumwa kifua, na kilipozidi, binti yake alimchukua kwake Kambove. Mzee alimpigia Madeleine simu mara moja moja, na katika simu ya mwisho, siku chache kabla ya kufariki, aliuliza kama bado watu wanazichezea.

"Kila Jumamosi, Papa. Mpaka nyeupe zimeanza kuwa nyeusi kwa mikono. Nafikiri nizipanguse kidogo, nizirudishie rangi yake."

Alikohoa, akangoja pumzi irudi.

"Apana, Madame. Uchafu ya mikono ya bantu, usiitoe."