Asubuhi Moja Stoo

Mwaka 1953 Adela alipewa darasa la watoto wadogo katika shule ya misheni, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Sumbawanga mjini. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Watoto walikuwa ishirini na wawili, wa miaka mitano na sita, na wawili kati yao hakuna aliyetaka kucheza nao.

Luciana alipooza miguu akiwa bado ananyonya. Mama yake alimleta mgongoni kila asubuhi. Kalisti alikuwa kiziwi, wenzake wakamwita Bubu. Kwenye mchezo wa duara, aliyesimama karibu naye alificha mkono ndani ya shati. Adela akiwakemea, walimshika, kisha wakajifuta viganja.

Basi wawili hao wakapatana wenyewe. Kalisti alimkalisha Luciana juu ya kipande cha ngozi ya ng'ombe akamkokota uwanja mzima, Luciana akicheka hadi kukohoa. Kengele ikilia, Luciana alimgonga begani mara mbili. Walikuwa na alama zao nyingi. Ikafika wakati wengine wakapanga foleni ili nao wakokotwe, na Luciana ndiye aliyeamua nani apande.

Kisha ikaja habari kwamba mkaguzi Mwingereza angefika Alhamisi.

"Wale wawili wasionekane," alisema Leonsi, mwalimu mkuu. "Atasema tunaendesha hospitali."

"Niwapeleke wapi?"

"Stoo. Ni asubuhi moja tu, Adela."

Adela hakubisha. Aliwaketisha katikati ya magunia ya ulezi, akamwambia Luciana wasitoe sauti, akafunga mlango kwa nje.

Mkaguzi alichelewa, akaondoka saa nane mchana. Mlango ulipofunguliwa, Luciana alikuwa amejikojolea. Kiganja chake kilikuwa bado kimemziba Kalisti mdomo, kwa maana Kalisti hakujua kwamba kilio chake kinasikika.

"Mwalimu, Kalisti anauliza tumekosa nini."

Adela akatafuta kitambaa, akaanza kumpangusa.

Kesho yake Luciana hakuja. Kalisti alikaa mlangoni siku tatu akitazama njia, kisha naye akaacha kuja. Adela akaenda kwa Kristiana, mama yake Luciana, akamkuta anapepeta ulezi.

"Mama, naomba umrudishe mtoto. Haitatokea tena."

Kristiana aliendelea kupepeta.

"Mwalimu, mwanangu alijua miguu yake haitembei. Kwamba yeye ni aibu, hakujua. Hilo amelijulia kwako."

Luciana alikuwa ndani, anasikia.

Mvua za mwaka uliofuata zilimkuta Luciana na kichomi, akafa. Mazishini Kristiana alimpa Adela mkono kama alivyowapa wengine wote, akapita. Kalisti hakuwapo, nyumbani kwao hakuna aliyejua namna ya kumweleza.

Wiki hiyohiyo Adela aliomba ahamishiwe darasa la kushona. Leonsi alishangaa.

"Mkaguzi aliandika kwamba darasa lako ni la mfano. Unaliacha kwa nini?"

Adela alimwambia macho yanamsumbua, kana kwamba kushona hakuhitaji macho.