Siku Sadalla Alipovikwa Joho

Mwatumu binti Hatibu alikuwa mshona kofia wa Nguvumali, mtaa wa Tanga, mjane asiyecheka ovyo, na kofia zake za viua zilivaliwa mpaka Pemba. Kwa sindano hiyo alimsomesha mwanawe Sadalla mpaka Makerere. Mwaka hamsini na sita kilichobaki ni kumwoza. Alikwisha mposea Mastura, binti wa jirani yake Time, na kwa watu wakubwa wa mjini alikwisha omba joho la kuazima, la sufu ya buluu, lenye zari shingoni. Waliomcheka kwa kuomba joho aliwajibu papo hapo, na majibu yake siyaandiki hapa.

Ndipo akatokea Msafiri, kijana wa reli, katoka Kampala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu umemwona?"

"Nimemkuta siku yenyewe, kavikwa joho. Ukumbi umejaa, wanawake kwa wanaume, makofi hayo. Kapendeza mno."

Sasa, kwetu Tanga joho huvaa kadhi, huvaa liwali. Lakini ukisikia mtu kavikwa joho na watu wamejaa kumtazama, huyo ni bwana harusi, hakuna cha kuuliza. Mwatumu naye hakuuliza. Kiburi kilimziba mdomo. Alisema, "Alhamdulillahi," akaendelea kushona, na mshono ule baadaye aliufumua wote.

Msafiri, mdomo wake hauna kifuniko, akapita na kwa Time. Kabla ya alasiri Time alikuwa barazani.

"Mwatumu, binti yangu ulimposea nini? Umweke akiba?"

"Nililosikia mimi ndilo ulilosikia wewe."

"Basi akija na huyo mkewe, posa yenu mtaikuta mlangoni."

Sadalla alipofika kwa gari moshi, mama yake hakwenda kumpokea. Alimngoja ndani, na Time kando yake, amekuja kumwona mke kwa macho yake. Kijana akaingia peke yake na sanduku, akawaamkia wote wawili.

"Marahaba," alisema Mwatumu. "Mwenzio yuko wapi?"

"Mwenzangu yupi, mama?"

"Huyo uliyevikwa joho kwa ajili yake."

Sadalla alicheka mpaka akakaa juu ya sanduku. Kisha akalifungua, akatoa joho jeusi tii, refu, mikono yake mipana ungeweza kulaza mtoto ndani, lisilo na zari hata uzi mmoja.

"Ni hili. Anayemaliza chuo huvikwa hili. Zamani kwa Wazungu, wasomi ndio waliokuwa mapadri, na hayo ndiyo yalikuwa mavazi yao. Mapadri wakaachwa, joho likabaki."

Mwatumu hakuligusa. Alikwenda kwanza kunawa mikono. Aliporudi akapitisha kidole polepole kwenye mshono wa bega. Baba yake, Hatibu, alizaliwa mtumwa katika shamba la minazi kule Mwera. Mbele ya bwana wake hakuvaa kofia kichwani wala kiatu mguuni, na joho alilijua kwa kulibeba tu, limekunjwa mikononi, bwana akienda barazani.

"Nani kakuazima?"

"Langu, mama. Nimelishonesha."

"Lako."

"Langu."

"Livae."

Akalivaa. Kile chumba ungedhani kimepungua. Mwatumu, ambaye wauza samaki walikuwa wakibadili njia kwa kuuogopa ulimi wake, alirudi nyuma mpaka ukutani. Alimtazama mwanawe kama mtu anayetazama mwezi wa Idi, anauona na bado haamini.

Time ndiye aliyezinduka kwanza. "Kwa hiyo hajaoa."

"Sijaoa, mama."

"Basi harusi lini, Mwatumu?"

"Muulize mwenyewe. Mimi na wewe tulikwisha mwozesha Kampala bila kumwuliza."

Sadalla akasema hata mwezi ujao, Mastura akiridhia. Time akatoka mbio kumwita binti. Mwatumu hakusikia hata moja. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, ameliinua pindo la joho kwa mikono miwili lisiguse vumbi.