Karatasi ya Naserian

Nakumbuka asubuhi moja Kajiado, mwanangu, miaka ya elfu mbili ikiwa bado michanga, nilipomharibia mtoto wa watu mtihani kwa kiburi changu.

Nilikuwa nakaa Noonkopir, kijana mwenye kompyuta moja na mdomo mwingi. Shule yenye darasa la wasioona iliniomba programu: mwalimu anayeona aandike maswali, ayatazame kwenye skrini yakiwa nukta nundu, yale maandishi ya vidole ya wasioona, kisha mashine iyachape kwenye karatasi ngumu. Sasa, kompyuta haijui herufi, inajua namba tu. Kwa mpango wa zamani, nukta nundu ziliazima namba za herufi za kawaida. Mpango mpya ulizipa namba zake zenyewe. Nikachukua mpya. Kwenye skrini zilipendeza kweli, hata niliwaita majirani waje kutazama. Walisifu, maskini, wangefanya nini?

Siku ya mtihani mashine ilinguruma, karatasi ikatoka imejaa nukta, nami nikajipiga kifua. Naserian, msichana wa darasa la nane, akapitisha vidole mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Mwalimu," akasema, "hii karatasi iko na alama moja tu, mpaka chini."

Ile mashine ilikuwa ya zamani, inaelewa namba za zamani peke yake. Kila namba yangu mpya ilikuwa imegeuzwa njiani kuwa alama ya kuuliza, na mashine ikachapa hiyo hiyo ukurasa mzima.

Mwalimu Nduku, mama ambaye mwenyewe haoni, alinishika mkono akauweka juu ya karatasi. "Soma."

"Siwezi, mwalimu. Mimi nasoma na macho."

"Na kabla ulete hii kitu, ulipatia nani mwenye anasoma na vidole?"

 Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. Ilibidi Naserian asomewe maswali, ayatoboe mwenyewe kwa mkono, nukta kwa nukta, ndipo aanze kujibu. Kengele ikalia akiwa nusu. Pale nje akaniuliza polepole, "Uncle, sasa nyumbani nitasema nilifeli, ama nitasema nini?"

Niliona aibu ambayo haijanitoka hadi leo. Nilimsindikiza hadi kwao nikamwambia baba yake kwamba kosa ni langu. Kisha nikairekebisha programu: skrini ikabaki na namba mpya, mashine ikapelekewa za zamani. Tangu siku hiyo hakuna karatasi iliyofika darasani kabla ya kupita kwenye vidole vya Mwalimu Nduku.

Kwa hivyo, mwanangu, wewe uliyeingia kazi hii, usichague namba kwa sababu ni mpya au zinakupendeza. Uliza kazi yako itasomwa na nani, na itapitia mashine gani kabla ya kumfikia. Halafu mpe huyo msomaji aishike kwanza, hata kama unaona haraka. Ukikosea, nenda ukaseme mwenyewe.

Enkai, Mungu wetu, akulindie macho yako, na pale yasipofika, akupe moyo wa kuuliza.