Vakansi Ijayo Tutapanda Mokoto

Mume wangu alizaliwa Masisi, kule juu karibu na maziwa ya Mokoto. Mimi ni mtoto wa Goma, wa familia ya wafanyabiashara waliotoka Maniema, na mlima niliojua ulikuwa ule wa moto tu. Tulipokuwa wachumba alinisimulia kwao mpaka nikadhani nimepaona: vilima vya majani mafupi, ng'ombe, ukungu unaoshuka hata mchana, halafu unapita kilele cha mwisho na maziwa yako chini yako, maji ya kijani yanayogeuka meusi wingu likipita. Alikimbia kutoka huko akiwa kijana, majirani walipoanza kuuana, na hakurudi.

"Nitakupeleka," aliniambia. "Vakansi ijayo tutapanda Mokoto."

Likizo hiyo ilikuja pamoja na waasi. Iliyofuata, barabara ya Masisi ilikuwa imefungwa. Kisha volkano ikapasua mji katikati, nyumba yetu ikabaki chini ya mawe, na kwa muda mrefu tulichotafuta kilikuwa mahali pa kulala. Waasi wakaondoka, wakaja wengine, wakaondoka, wakarudi kwa jina jipya. Kuna miaka barabara ilifunguka pia, lakini miaka hiyo kulikuwa na mtoto mgonjwa, au harusi, au mvua. Mume wangu aliendelea kuwaambia wageni, "Vakansi ijayo," nao walicheka, nami nikacheka pamoja nao.

Nilikuwa nafundisha jiografia kwenye shule ya sekondari, na jambo hilo lilinichoma. Kila mwaka nilichora maziwa yale kwa chaki kwenye tablo, nikaeleza jinsi lava ya zamani ilivyoziba mabonde mpaka maji yakasimama. Daima alikuwepo mwanafunzi wa kuuliza, "Madamu, ulishafika kule?"

Mwaka mmoja kukatulia kidogo. Binti yetu alikuwa amepata kazi Kinshasa, nyumba imekuwa tupu, nikasema basi, safari hii tunakwenda. Kila jioni tuliketi mezani tukapanga. Gari mpaka Sake, pikipiki mpaka barabara inapoharibika, halafu miguu. Si mlima wa kutisha, alisema. Ni kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, ila kule juu mtu wa mjini anaishiwa pumzi haraka, na baridi ni ya kweli. Tungeomba malazi kwa watawa wa monasteri iliyo kando ya maziwa. Tungebeba chai kwenye termosi, mkate, sweta mbili kila mmoja. Kuhusu viatu tuligombana. Mimi nilitaka viatu vya kamba vyenye meno chini. Yeye aliapa kwamba matope ya Masisi yanakuvua viatu vya namna hiyo ukiwa unatembea, kule watu wanavaa mabuti ya mpira. Mwishowe tulinunua vyote viwili.

Ili tuzoeshe miguu, tulianza kupanda Mont Goma asubuhi, kile kilima cha hapa mjini karibu na bandari. Mwanamke aliyekaanga mandazi njiani alikuwa anatupigia kelele: "Muzee! Mama! Munakimbia nini tena? Volkano?" Mume wangu alikuwa anasimama mara kwa mara, anasema anatazama ziwa, na mimi nilijua ni kifua kinamsumbua. Nilimsubiri. Tangu watoto wazaliwe sikuwa nimempata peke yangu namna ile. Nilikuwa na furaha. Naiandika hapa ili ijulikane.

Tulikuwa tumebakiza wiki moja, volkano ikafunguka tena. Mawe ya moto hayakufika mtaani kwetu, lakini ardhi haikuacha kutetemeka, kuta zikapasuka, na baada ya siku kadhaa serikali ikatuamuru tutoke. Mji mzima uliingia barabarani. Gari hatukupata. Tulikwenda Sake kwa miguu, yeye na godoro kichwani, mimi na vile viatu vyangu vya kamba.

Tulipewa nafasi katika darasa la shule, pamoja na familia nyingine. Ukitoka mlangoni, vilima vya Masisi vilikuwa vimesimama mbele yako. Nilivitazama siku mbili, siku ya tatu nikamwambia, "Papa, si tumeshafika Sake? Njia si ni ile pale?"

"Mama, wacha."

"Watu wanasema huko juu kumetulia."

"Nimesema wacha."

Mchana ule alipita mwanamke anayeshusha fromage, ile jibini ya Masisi, kutoka vilimani, akaweka beseni lake mlangoni. Mume wangu alinunua kipande. Mimi nikamuuliza yule mama kama anajua kilima cha kina mume wangu, nikakitaja.

"Ile kilima? Ile iko ferme, shamba ya ngombe ya mukubwa moja sasa," alisema. "Walizungusha senyenge mpaka kwa maji. Hata makaburi iko ndani, ngombe inakula juu yake. Ukitaka kupita unaomba walinzi."

"Tangu lini?"

"Eh, mama, zamani! Mimi nilikuwa sijaolewa."

Niligeuka kumtazama mume wangu, tayari kumshika mkono. Alikuwa anakata fromage vipande vidogo vidogo, taratibu. Hakushtuka.

"Ulijua?" nilimuuliza yule mama alipoondoka.

"Nilijua."

"Nani alikuambia?"

"Mudogo wangu. Zamani, mbele ya ile volkano ya kwanza."

"Na ukaniacha napanda Mont Goma kila asubuhi kama mujinga?"

Alinisogezea fromage. "Ulikuwa unafurahi," alisema. Halafu, bila kunitazama: "Na mimi pia. Tukikaa pale kwa meza, ile kilima ilikuwa ingali yetu."

Watu niliowasimulia jambo hili, wote walimhurumia. Mimi sikumhurumia. Sikula ile fromage. Nilifikiria miaka yote niliyolaani waasi kwa kutufungia barabara, naye ameketi kando yangu anatikisa kichwa kukubali. Angeniambia, ningelia pamoja naye na tungetafuta kilima kingine cha kupanda. Badala yake aliniachia nipange safari yake ya uongo, mimi peke yangu nikiamini.

Tulirudi Goma. Yale mabuti aliyagawa. Hatukugombana tena, ila meza ile ilibaki ya kulia chakula tu. Kisha waasi walishuka upya, watu wa Rutshuru na wa Masisi wakajaza kambi pembeni ya mji, barabara ikakatwa. Kifua chake kikazidi. Alifariki kabla mji haujachukuliwa. Ndugu zake walitamani kumpeleka kwao, haikuwezekana. Alizikwa hapa, kwenye lava, wachimbaji wakipasua mawe kwa vyuma. Mjomba wake alihubiri jinsi marehemu alivyotamani siku zote kurudi nyumbani. Niliitikia amina pamoja na wengine.

Baadaye, mji ukiwa mikononi mwa waasi, binti yetu alikuja, akipitia Rwanda.

"Mama, njia ya Masisi imefunguka. Twende tuone maziwa ya papa."

"Nani ameifungua?"

"Mama, mimi siko kwa politiki."

"Mimi pia. Siendi kuomba mwenye bunduki ruhusa ya kutazama maji."

Alikwenda na binamu zake. Alinipigia simu akiwa huko juu, upepo unavuma mpaka maneno yanakatika.

"Mama, ni pazuri! Papa hakudanganya!"

Nilimwambia ashuke kabla mvua haijanyesha, nikakata simu.