Boti ya Pili, Siku ya Saba

Namshukuru Mungu aliyetenga maji na nchi kavu, akakiwekea kila kimoja mpaka wake, na akanipa mimi mtu wa milimani kuvijua vyote viwili. Ameniweka hai hadi nywele zimekuwa nyeupe. Macho yangu bado yanasoma bila miwani. Kwa hayo sina deni la manung'uniko kwake. Ninayoyasimulia hapa ni ya watu, si yake.

Marehemu baba yangu alizaliwa Manga, kwenye milima ya Kisii, akafia Manga, lakini ujana wake aliumaliza Kisumu akifanya kazi kwenye meli za ziwani. Alirudi nyumbani kulima chai, na kila alipochuma alizungumza juu ya injini. Watu walimcheka. Mtu wa Manga na meli wapi na wapi? Alipozeeka aliwakusanya wanawe wawili wa kiume, wakaunganisha nguvu, wakanunua boti moja ya kutembeza wageni upande wa Homa Bay. Ilikuwa na paa, viti vya mbao pande zote mbili, na jiko dogo nyuma. Watu wa ziwani waliiita boti. Sisi kule Manga tuliiita meli, na ukoo wetu ukaitwa wenye meli.

Mimi ndiye niliyepika humo. Nilikuwa nimerudishwa nyumbani na mume wangu wa Nyamira baada ya miaka mingi bila mtoto, na kwetu binti aliyerudishwa hana pa kuweka kiti. Shamba la baba ni la wana wa kiume. Nyumba anayolala ni ya kuazima, kwa kawaida ni jiko la zamani la mama yake. Hata siku ya kufa, watu hukuna vichwa wakiulizana pa kumlaza, kwa maana ndani ya boma si pake na kwa mumewe si pake tena. Nilitumwa ziwani ili nisionekane sana nyumbani. Mama yangu alisema hivyo wazi, mbele ya wake wa ndugu zangu.

"Kuku asiyetaga huchinjwa," alisema. "Huyu tumempa meli. Nani alipata bahati kama yake?"

Nilimshukuru. Na kweli nilipapenda. Tulibeba maharusi, tukabeba shule, tukabeba vyama vya akina mama waliokuja wamevaa sare. Tuliwapeleka visiwani, wakala samaki, na waliotoka kwetu niliwapikia chinsaga, ile mboga yetu chungu, iliyolala kwenye maziwa. Wengine walirudi kwa ajili ya mboga hiyo, si kwa ajili ya visiwa.

Baba aliweka sheria moja. Sisi ni Waadventista Wasabato. Ijumaa kabla ya jua kuzama boti ilifungwa gatini kwa mnyororo, na haikufunguliwa mpaka jua la Jumamosi lizame. Mfunga mnyororo nilikuwa mimi. Jumamosi ndiyo siku wageni wa Nairobi hufika ziwani, kwa hiyo walitukuta tumefunga na wakatutukana. "Mna boti ya nini, ya kuogea?" Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kivuli cha paa lake na Biblia yangu, nikawaambia karibuni kesho.

Kabla ya kufa, baba aliniita kitandani, ndugu zangu wote wawili wakiwa wamesimama pale, akasema kwamba Mungu akiwajalia boti ya pili, msimamizi wake awe binti yake, apate fungu, ajinunulie kipande cha ardhi huko ziwani, ajenge. Ndugu zangu wakaitikia. Mtu haendi kinyume na mzazi anayekufa. Kwetu hilo linaogopwa kuliko radi. Tangu siku hiyo nilikuwa na nyumba kichwani. Chumba kimoja, mlango wa bati, ufunguo ukae shingoni mwangu, na nyuma yake nafasi ya kutosha kulazwa siku yangu ikifika.

Miaka kadhaa ikapita. Kaka yangu mkubwa, mwenye duka la mbao na mabati mjini Kisii na mzee wa kanisa, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa boti. Mdogo wangu wa kiume alifanya kazi katika ofisi moja Kenyenya, na ulimi wake ulikuwa mkali kama kisu cha kuchinjia. Jumapili moja waliitisha kikao nyumbani kwa mama kuzungumzia boti ya pili.

Wanaume walikaa kwenye makochi. Mke wa kaka alikaa karibu na mama. Mimi nilipewa kigoda mlangoni, mahali ambapo kila anayepita humgonga mtu kwa goti. Sikulalamika, nilikuwa na furaha. Nilikuwa nimekuja na la kusema, nikaruhusiwa kulisema: kwamba Jumapili na sikukuu nawarudisha watu gatini kwa kukosa nafasi, na kwamba wapo waliokwisha kuanza kwenda kwa wenye boti wengine. Nikasema pia ya upande wa pili, maana ukweli hauna mguu mmoja: magugu maji huziba gati msimu mzima, na shule zikifunga hatuna wa kumbeba katikati ya juma.

"Katikati ya juma hakuna watu, Jumapili wanazidi," akasema mdogo wangu. "Sasa dada, wewe uliyesoma theolojia ya sufuria, tuambie. Kati ya Ijumaa na Jumapili kuna siku gani?"

Wakacheka. Sikuelewa bado.

Kaka akakohoa kama anavyokohoa kabla ya kuombea sadaka. "Tumekubaliana tununue," akasema. "Boti ya baba italala Sabato kama alivyoagiza. Hatutamvunjia heshima. Hii mpya itatembea siku zote saba. Na kama alivyosema baba, ni ya dada. Itaandikwa kwa jina lake, ataisimamia, atapata fungu lake, atajenga. Nani atasema tumemdhulumu?"

"Itatembea Sabato kwa jina langu?" niliuliza.

"Kwa jina lako."

"Kwa nini lisiwe lako, kaka?"

Mke wake ndiye aliyejibu. "Wifi, mume wangu anashika meza ya Bwana. Unataka ashikwe shati mbele ya kanisa aulizwe habari ya boti? Wewe unashika mwiko. Mwiko hauulizwi."

"Na mimi ni mweka hazina wa makambi ya kanisa," akasema mdogo wangu. "Majina yetu yako ubaoni kanisani, dada. Lako liko wapi? Walikufuta ulipoachika."

Halikuwa kweli. Sikufutwa, nilikuwa shemasi hata siku hiyo. Lakini walicheka tena, na kicheko kikishatoka hakuna anayekwenda kuangalia ubao.

Nikamgeukia mama. Nilisema, "Mama, wewe ndiye uliyenifundisha kuosha vyombo Ijumaa ili nisiviguse Sabato. Unalikubali jambo hili?"

Mama alikuwa akimenya ndizi za jioni. Hakuacha. "Nguo iliyoungua pasi," akasema, "ukiiunguza tena pale pale, nani ataona? Watoto wa kiume wana majina ya kulinda. Wewe doa unalo tayari. Libebe na hili, uwafae ndugu zako mara moja katika maisha yako."

"Lakini ni Sabato, Mama."

"Mimi nitakuwa kanisani," akasema. "Nitaona wapi?"

Nilitamani ile nyumba. Msomaji asidhani nilikuwa malaika. Nilikaa pale kwenye kigoda nikiuona ule mlango wa bati, nikiona hata mahali nitakapopanda chinsaga. Ningesema ndiyo, ningekuwa mtu mwenye anwani kabla ya mvua. Na walijua. Walikuwa wamelipanga vizuri: nikikubali, dhambi ni yangu na faida ni yetu sote, nikikataa, wosia wa baba umetekelezwa na mimi ndiye niliyeukanyaga.

Kilichonizuia ni kitu kidogo. Kwa mume wangu nilitumwa asubuhi na jioni, nikatumwa na mama mkwe, nikatumwa na watoto wa mke mwenzangu. Nyumbani nilitumwa na mama na wake za ndugu zangu. Ziwani nilitumwa na wageni. Siku moja tu katika juma hakuna aliyeweza kunituma, wala mwenyekiti wa boti, kwa sababu aliyeiweka ni mkubwa kuliko wote. Amri ile imemkumbuka hata mjakazi. Ningewapa siku hiyo, ningebaki na nini cha kuweka ndani ya hiyo nyumba?

"Kaka," nilisema, "nashukuru kwa kunikumbuka. Siwezi."

"Siwezi ni nini? Hujaambiwa uendeshe."

"Jina langu likiwa ubavuni mwake, ni mimi ninayeendesha."

"Unaona?" kaka akamwambia mama. "Nilikuambia atakataa. Kiburi hiki ndicho kilichomrudisha kutoka Nyamira, si tumbo."

Maneno hayo aliyasema polepole, kama mtu anayesoma somo la Sabato. Nilisikia yakiingia. Nikamwomba Mungu anishike ulimi, akanishika.

"Basi niacheni kwenye boti ya kwanza, niendelee kupika," nilisema.

"Aliyekataa ng'ombe hapewi maziwa," kaka akajibu. "Hatuwezi kuwa na mtu jikoni anayetuhukumu kila Ijumaa jioni kwa macho. Mwachie wifi yako ufunguo wa jiko."

Ufunguo nilikuwa nao kwenye kamba kiunoni. Nilipokuwa nikiufungua, fundo likakataa. Mke wa kaka alisubiri na kiganja wazi. Hakunisaidia, wala hakunihimiza. Mdogo wangu akauliza, "Sasa hiyo mboga ya maziwa nani atawapikia watu?" Mke wa kaka akasema mboga ni mboga, si muujiza.

Kisha kaka akatazama saa, akasema kikao kimeisha, na kwa kuwa dada ndiye mwombaji hodari katika nyumba hii, atufungie kwa sala na aibariki boti tutakayonunua.

Nilisimama. Nilifikiri Mungu angenipa maneno ya kuwachoma. Hakunipa. Alinipa maharusi watakaoipanda, na watoto wa shule, na mabaharia wenye mama zao nyumbani. Nikawaombea hao kwa majina ya kazi zao, nikaomba upepo uwaonee huruma na injini isizime mbali na ufuo. Waliitikia Amina kwa sauti kubwa. Mama akaniambia nisiondoke kabla ya kuosha vikombe.

Nikaviosha.

Boti ya pili ilinunuliwa. Iliandikwa kwa jina la mume wa binti wa kaka, Mkatoliki, ambaye hakuona shida yoyote, na simlaumu, yeye siku yake ni nyingine. Msomaji anayengoja kusikia kwamba ilizama, nasikitika, haikuzama. Inajaa. Nimesikia ina muziki na taa za rangi, na Jumamosi watu hupanga foleni gatini. Boti ya baba bado hufungwa kila Ijumaa, ndugu zangu wakihojiwa huwaonyesha watu mnyororo.

Mimi nilipata chumba cha kupanga Kiogoro, karibu na mji wa Kisii. Asubuhi nawapikia uji na viazi vikuu wanaokwenda kazini mjini, mchana obokima, ugali wetu wa wimbi, na mboga. Wananiita Magokoro, yaani bibi, mimi ambaye sikuzaa. Ninalishwa na mikono yangu mwenyewe. Mungu asifiwe kwa hilo.

Mwaka jana nilikwenda makambi ya nyumbani, mkutano wa kanisa wa kila mwaka. Tulikaa kwenye nyasi, chini ya maturubai, wanawake upande wetu na wanaume upande wao. Saa ya shukrani ilipofika, kaka yangu alisimama mbele na mke wake na mdogo wangu, na mama wamemkalisha kwenye kiti cha plastiki. Akasema Bwana amekiongezea chombo chao chombo cha pili, na kwamba siri ya yote ni uaminifu katika Sabato. Watu wakasema Amina.

Mama mmoja aliyekaa nami alinigusa ubavu. "Dada, si hiyo ndiyo inayotembea hata leo Sabato?"

"Sijaiona," nilisema. "Niko hapa nawe."

Akacheka mpaka akajifunika uso na leso. Mimi sikucheka.

Baada ya ibada mdogo wangu alinifuata kwenye njia ya kuteremka. Alikuwa na haya kidogo, au labda jua lilikuwa machoni mwake. "Dada, kaka amesema nikuambie mapema usije ukashangaa," alisema. "Siku yako ikifika usiletwe nyumbani. Ile pembe ya nje ya ua tuliyokuwa tumeifikiria, tumeijengea mahali pa kuegesha gari."

"Na mama anajua?"

"Mama ndiye aliyetoa wazo."

Niliporudi Kiogoro nilimuuliza mzee wa kanisa letu la hapo kama kanisa lina mahali pa kulaza watu wake. Alikuwa mtu mwema, akafikiri sana, akaniambia kanisa lina ardhi ya choo na ya maegesho, makaburi halina. Nikamshukuru kwa kutonidanganya. Bado naulizia. Nimemwambia na mwenye nyumba wangu, akasema mimi ni mpangaji mzuri lakini hilo haliko katika makubaliano. Kwa hiyo sijui nitalazwa wapi. Kila Ijumaa, jua likielekea vilimani, nafunika sufuria, nanawa, nakaa mlangoni, na hakuna anayenituma.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akulinde njiani na majini. Akupe watu watakaokutaja kwa wema ukiwa umetoka chumbani, na mkono wa kukushika fundo likikataa kufunguka. Awalinde pia abiria wote, wa siku sita na wa siku saba. Amina.