Marehemu Mia Tisa wa Machogu

Kwa miaka kumi na mmoja, karibu kila aliyezikwa kandokando ya soko la Ekerenyo alipita kwanza mikononi mwa Machogu. Yeye ndiye aliyepiga chapa wasifu wa marehemu: alizaliwa lini, alioa nani, nyumba ya kwanza ina watoto wangapi, ya pili wangapi. Ukikosea nyumba moja, matanga hugeuka vita. Machogu, aliyeishia darasa la saba, hakuwahi kukosea. Aliona haya kusema mbele za watu, lakini vidole vyake havikuona haya.

Kisha mfumo wa laptopu yake ukazeeka, na ule mpya ukaikataa mashine. Nasteho, fundi wa kompyuta mjini Kisii, alimpa njia mbili.

"Mzee, nunua laptopu nyingine, au nikuwekee mfumo huru. Ni wa bure, na yeyote anaruhusiwa kuufungua aone ulivyoundwa."

"Bure?"

"Bure kabisa. Watu wa kila nchi wanautengeneza pamoja, kama egesangio kwenu. Leo mnalima kwa huyu, kesho kwa yule."

Machogu alishtuka. Watu wa egesangio angalau hupikiwa uji. Hawa walipikiwa nini?

Nasteho alichomeka flashi. "Ijaribu hivihivi wiki moja. Ukiipenda, niletee niuweke ndani."

Machogu alitaka kuuliza ndani ni wapi. Akaona haya, akaitikia kwa kichwa.

Kesho yake, Ijumaa, hata duka lake la sokoni halijafagiliwa, Roda, binti wa mmoja wa marehemu wake, akaingia.

"Baba Cynthia, nimefuata wasifu wa marehemu baba. Jumatatu tunaitwa kwa chifu. Ndugu zangu wa nyumba kubwa wanasema mama hakuolewa pale. Nakala yetu ililiwa na mchwa, imebaki yako tu."

Machogu akawasha laptopu. Kioo kilikuwa kitupu. Hakukuwa na faili hata moja. Aliifunika, akaifunua tena taratibu, kama mtu anayechungulia chungu akiomba mboga isiwe imeungua. Kitupu vilevile.

"Mbona unatoka jasho na kuna baridi hivi?"

"Mashine... imelala."

"Si uiamshe!"

"Rudi alasiri," alisema, akiifunga laptopu.

Saa tano alikuwa Kisii, laptopu ameikumbatia kifuani.

"Umewamaliza!" alimwambia Nasteho. Hakuwa amewahi kupaza sauti katika duka la mtu.

"Nimewamaliza akina nani?"

"Marehemu! Wote mia tisa!"

Wateja waligeuka. Mmoja akasogea mlangoni.

Nasteho alizima mashine, akachomoa flashi, akawasha. Wafu wakarudi wote, kila mmoja na ukoo wake. Machogu alimtafuta baba yake Roda, na pale, nyumba ya tatu, mama yake Roda alikuwa ameandikwa pamoja na mwaka aliotolewa mahari. Akaketi bila kukaribishwa.

"Mfumo ulikuwa unatembea kwenye flashi tu," Nasteho alisema. "Humu ndani haukugusa kitu."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza, mzee."

Nasteho alichapa nakala mbili za Roda, kisha akarudisha flashi na kuiwasha mashine upya. "Kabla hujanikimbia, tazama." Alifungua orodha ndefu ya lugha, akashuka, akashuka, akabonyeza. Pembeni mwa kioo, penye saa na tarehe, siku ikabadilika: *Ichuma*.

Machogu aliinama hadi pua ikakaribia kioo. Hivyo ndivyo mama yake alivyoiita Ijumaa. Miaka kumi na mmoja mashine ile ilikuwa imemsemesha Kiingereza, naye akiitikia tu.

"Nani aliandika hili?"

"Simjui. Mmoja wa egesangio."

"Toa nakala za marehemu kwanza," alisema Machogu. "Mara mbili. Nione kwa macho yangu kwamba wako wote. Halafu uuweke huo. Na ufanye upesi, binti, Roda ananingoja, na jua likizama ni Sabato, sigusi kazi."